Usalama wa Ndege Haufundishwi kwa Ubao Peke Yake



Majuma machache yaliyopita tulihudhuria mkutano wa tawi moja la Chama kando ya Ziwa Viktoria. Baada ya mambo ya kadi na ada kwisha, kijana mmoja anayesoma Chuo Kikuu alisimama akaeleza habari za miwani ya kisasa ambayo mtu akiivaa hujiona yumo ndani ya ndege. Ndege hiyo yaweza kuwaka moto au kuangukia majini, naye aliyevaa sharti afanye yampasayo mpaka atoke salama. Kijana akasema miwani hiyo yafaa kuletwa katika vyuo vyetu vikuu kufundishia usalama wa anga. Mzee wetu mmoja akainua fimbo yake akauliza: "Wanangu, zahanati yetu haina dawa, nanyi mwataka miwani ya kuchezea? Nani kati yetu hapa amepata kupanda ndege?" Watu wakacheka, kijana akaketi, mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Sisi hatukucheka. Swali la mzee ni la haki, na chama kinachokimbia maswali ya wazee si chama cha wananchi. Wala kijana yule hakustahili kuketi bila ya kupewa nafasi ya kujibu. Basi leo twajibu sisi, mbele ya wasomaji wote.

Na tuanze na hilo la nani amepanda ndege. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. Watu 19 walikufa, pamoja na marubani wote wawili; watu 24 wakaokoka. Je, ni nani waliofika kwanza penye ndege? Walifika wavuvi, watu wa nyavu na makasia, na mitumbwi yao. Baadaye kamba zikafungwa, na wananchi wakaivuta ndege kuelekea ufukoni kwa nguvu za mikono.

Kwa hiyo, mzee wetu, ndege si jambo la abiria peke yao. Ikianguka, huanguka katika shamba la mtu au katika maji ya mvuvi, na yule asiyepata kuipanda ndiye anayeitwa kwanza kuopoa watu. Hapana mwananchi wa kando ya ziwa anayeweza kusema kwamba usalama wa ndege haumhusu.

Sasa tuje kwenye vyuo vikuu. Vijana wanaosoma mambo ya anga, kwa mfano uhandisi wa matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, ndio kesho watakaotia sahihi kwamba ndege hii yaweza kuruka. Wenzao watakuwa waongozaji wa ndege, wakaguzi, na wakuu wa viwanja vya ndege wenye kupanga nani atakimbilia wapi siku ya ajali. Ikiwa vijana hawa wameijua hatari kwa kuisoma tu, basi siku hatari itakapokuja yenyewe watakuwa wageni wake kama sisi wengine.

Sisi tuliosomea ualimu twaujua ugonjwa huu. Katika chuo tulichosoma palikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto, umetundikwa ukutani karibu na jiko. Tulifundishwa habari zake. Tuliandika daftarini aina za moto na namna ya kuzima kila aina. Swali likaja katika mtihani, tukajibu, tukafaulu karibu wote. Muhula uliofuata moto ukashika mafuta jikoni. Walikuwapo wanachuo zaidi ya kumi waliofaulu mtihani ule. Mmoja wetu akautwaa mtungi, akaubana mkono wake kwa nguvu zote, usitoe kitu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwanza huchomolewa pini. Moto ulizimwa na mama mpishi kwa gunia alilolilowesha. Yeye hakupata kufanya mtihani wowote, lakini alikuwa amekwisha kuzima moto kabla ya siku ile. Sisi tulijua kwa kalamu. Yeye alijua kwa mkono.

Jikoni ilipotea sufuria moja na nyusi za watu wawili. Angani hupotea watu. Tarehe 23 Novemba, 1996, ndege ya Ethiopia aina ya Boeing 767, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu na pwani ya Ngazidja katika visiwa vya Komoro. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Lililo chungu ni hili: baadhi ya waliokufa hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamekwisha kuzijaza hewa jaketi za kuokoa maisha wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi zikawainua mpaka darini, wasiweze kuzama na kuufikia mlango. Chombo cha kuokoa kikawa kamba ya kuwafunga.

Kila abiria huambiwa asiijaze jaketi mpaka awe anatoka mlangoni. Maneno hayo husemwa kabla ya kila safari, na picha zake zimo katika kadi iliyo mbele ya kila kiti. Lakini neno lililosikiwa na sikio wakati wa amani halimfikii mtu wakati wa hofu. Wakati wa hofu mkono hufanya ulilozoea, na kama haukuzoea lolote hufanya la upumbavu.

Hapa ndipo miwani inapoingia. Wataalamu wetu wa lugha huuita ufundi huu uhalisia pepe. Ndani ya miwani mna vioo viwili vidogo, kila jicho na chake, vyenye kuonyesha picha. Mtu akigeuza kichwa, picha nayo yageuka, hata macho yake yakubali kwamba yuko mahali pale. Mkononi hushika vifaa viwili vya kumwezesha kunyosha mkono, kufungua mkanda, kusukuma mlango. Akikosea huona mara moja matokeo ya kosa lake, kisha hurudia. Hafi mtu, wala haiharibiki ndege.

Watu wengine watasema, "Hayo ni mchezo wa watoto." Basi wasikie yaliyofanywa Italia. Katika Chuo Kikuu cha Udine wataalamu Luca Chittaro na Fabio Buttussi waliwagawa watu makundi mawili. Kundi moja lilisoma kadi ya usalama kama ile ya ndani ya ndege. Kundi la pili lilivaa miwani likaipita ajali hatua kwa hatua. Habari zao zilitangazwa mwaka 2015. Makundi yote mawili yalijifunza. Lakini baada ya juma moja tu, waliosoma kadi walikuwa wamekwisha kusahau sehemu ya waliyojifunza, na waliovaa miwani walikuwa bado nayo. Sisi walimu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Somo lisilokaa juma moja kichwani, mwalimu wake amefanya kazi ya bure.

Tena jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, aliyelelewa katika kiwanda cha kutengeneza vinanda, alichukua mivukuto ya vinanda akaifunga chini ya sanduku lenye umbo la ndege ndogo. Mtu akiketi ndani, sanduku lilipinda na kuinama kama ndege iliyo hewani. Watu walilifanya kitu cha kuchezea katika viwanja vya sherehe. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege. Katika majuma machache marubani zaidi ya kumi wakafa, maana wengi hawakuzoea kuruka kwa kutazama vipimo tu ndani ya mawingu na theluji. Ndipo jeshi lilipokwenda kununua masanduku sita ya Link. Katika Vita Kuu ya Pili marubani zaidi ya laki tano wa Marekani walifundishwa ndani ya masanduku hayo. Kitu kilichochekwa kiwanjani kiliokoa maisha vitani. Nasi tusingoje wetu wafe zaidi ya kumi ndipo tuache kucheka.

Leo hata wakuu wa sheria za anga wamekwisha kulikubali jambo hili. Mwezi wa Aprili, 2021, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilikubali kwa mara ya kwanza mtambo wa kufundishia marubani wa helikopta unaotumia miwani ya uhalisia pepe, uliotengenezwa Uswisi. Na bei yake itazamwe. Simuleta kamili ya ndege kubwa, ile nyumba ya chuma inayosimama juu ya miguu na kutikisika, huuzwa kwa mamilioni ya dola. Miwani moja huuzwa kwa dola mia chache. Nchi maskini haiwezi kuweka simuleta katika kila chuo. Lakini darasa lenye miwani kumi haliishindi.

Wala lisidhaniwe kwamba usalama ni mambo ya moto na maji tu. Tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu, wakafa watu 583. Hapana ajali ya ndege mbili iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Rubani mkuu wa ndege moja, mtu wa sifa kubwa katika shirika lake, alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Fundi wake aliyeketi nyuma aliona shaka, akauliza kama ile ndege nyingine imekwisha kuondoka njiani. Mkubwa akamjibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Yule mdogo akanyamaza. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kufundisha somo jipya: mdogo aseme, na mkubwa asikilize. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliitisha mkutano wa wataalamu juu ya jambo hilo hilo, na baadaye somo likaenea duniani.

Ndugu wasomaji, tujiulize. Katika nchi yetu, ambamo tumelelewa kumheshimu mkubwa na kutomkatiza neno, ni wapi kijana atajizoeza kusema, "Mzee, samahani, simama, hatujapewa ruhusa"? Heshima ni mali yetu, hatutaki kuitupa. Lakini heshima haisemi kwamba kijana amwache mzee wake atumbukie shimoni. Darasani, kwa miwani, wanafunzi wawili au watatu waweza kuwekwa pamoja katika chumba kimoja cha marubani, mmoja akaambiwa afanye kosa makusudi, na wenzake wakapimwa kama watathubutu kumzuia. Nasi twaona kwamba somo hili peke yake latosha kuilipia miwani.

Tumekwisha kuisifu. Sasa tuseme na hatari zake, maana gazeti la Chama si tangazo la dukani.

Hatari ya kwanza ni kuigeuza miwani kuwa njia ya kubana fedha. Twakumbuka ndege za Boeing 737 MAX. Marubani waliozoea 737 za zamani waliruhusiwa kuhamia aina hiyo mpya kwa somo fupi la kompyuta, bila ya kulazimishwa kuingia katika simuleta, ili mashirika yasipate gharama. Mtambo uliokuwa ukiisukuma pua ya ndege chini haukuelezwa katika vitabu vyao kabla ya ajali ya kwanza. Tarehe 29 Oktoba, 2018, wakafa watu 189 Indonesia. Tarehe 10 Machi, 2019, wakafa watu 157 Ethiopia katika safari ya kuja Nairobi, na 32 kati yao walikuwa ndugu zetu wa Kenya. Ndipo mwaka 2020 ikaamriwa kwamba marubani waingie simuleta kabla ya kuzirusha tena. Mafunzo rahisi yakitumiwa kuficha jambo zito huua. Miwani ije kuongeza mazoezi, isije kuyafuta.

Hatari ya pili ni kusahau kwamba miwani hailoweshi. Haina baridi ya maji wala haina moshi wa kuchoma koo. Wako wanaopata kizunguzungu wakiivaa, na hao wasilazimishwe wala wasichekwe. Mwanafunzi akiisha kujifunza kwa miwani, sharti apelekwe kwenye bwawa avae jaketi ya kweli, na uwanjani ashike mtungi wa kweli, achomoe pini. Tarehe 2 Januari, 2024, ndege ya Japani iliwaka moto katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, na abiria na wafanyakazi wake wote 379 wakatoka hai. Hayo hayakuwa bahati tu. Yalikuwa kazi ya wafanyakazi waliojizoeza mara kwa mara kwa miili yao, na abiria waliokubali kuacha mizigo.

Hatari ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa Chama. Ni miwani kununuliwa, na masomo yaliyomo yakawa ya kwetu kwa jina tu. Kijana wa Kagera atavaa miwani akaona uwanja wa Ulaya wenye theluji, akasikia sauti ya kigeni, akaokolewa na mashua ya injini inayofika kwa dakika tatu. Atafaulu. Kisha atarudi Bukoba ambako njia ya ndege iko kando ya ziwa, mvua yashuka ghafula kutoka mlimani, na mwokozi ana kasia. Je, atakuwa amejifunza nini? Twataka somo ambalo ziwa lake ni ziwa letu, mvua yake ni ya masika, na sauti ya mhudumu wa ndege husema Kiswahili kilicho wazi: "Vua viatu virefu! Acha mzigo! Usijaze jaketi!" Vijana wetu wanaosoma kompyuta waweza kulitengeneza. Wapewe kazi hiyo kabla ya kupewa wageni.

Na ajali zetu ziwe ndizo mifano. Tarehe 18 Aprili, 1972, ndege ya VC10 ya East African Airways, shirika letu sote la Tanganyika na Zanzibar, Kenya na Uganda, ilishindwa kuruka Addis Ababa, wakafa watu 43. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani na ndege ndogo, na tena breki zilikuwa hazikufungwa sawasawa. Kipande kimoja cha chuma na breki iliyofungwa vibaya! Mwanafunzi wa ufundi avae miwani, atembee katika njia ile, atafute chuma kile kwa macho yake. Aifungue breki ile, aifunge kosa, aone mwisho wake. Hatasahau mpaka kufa.

Basi twataka nini? Twataka mambo matano, nayo twayapeleka kwa viongozi na kwa wakuu wa vyuo.

Kwanza, walimu wafundishwe kabla ya miwani kununuliwa. Tumeona vifaa vingi vikifungiwa kabatini, ufunguo akakaa nao mtu mmoja, mpaka panya wakala nyaya.

Pili, masomo yatengenezwe hapa, juu ya viwanja vyetu na hali yetu ya hewa, nayo yawe na Kiswahili.

Tatu, vyuo vya Afrika ya Mashariki vishirikiane. Shule ya urubani ya Soroti, Uganda, ilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zetu sote. Shirika letu la ndege lilikufa mwaka 1977, lakini anga halikugawanyika. Somo moja lililotengenezwa vizuri Nairobi au Dar es Salaam laweza kutumika Entebe bila ya kulipiwa mara tatu.

Nne, mazoezi ya bwawa, moto na simuleta yabaki pale pale.

Tano, miwani isifungiwe chuoni. Mara moja kwa mwaka wanafunzi waende nayo katika mialo ya wavuvi, wawaonyeshe ndege ilivyo kwa ndani, milango iko wapi, hufunguliwaje kwa nje, na maji huingia upande gani. Tena wakiwa huko wawasikilize wavuvi, maana wao wanalijua ziwa. Mwanafunzi atakayetoka huko hajajifunza kitu, kosa ni lake.

Sasa, mzee wetu, tumebakiwa na dawa za zahanati. Hatukulisahau. Hatusemi dawa zingoje miwani. Zahanati isiyo na dawa ni aibu, na tawi lina haki ya kupiga kelele mpaka dawa zije. Lakini nchi haijengwi kwa kupiganisha haja moja na nyingine, kama jogoo wawili wa mnada. Aliyekosa dawa na aliyezama ziwani wote ni watu wetu. Kazi ya Chama ni kuzidai zote mbili, kila moja mahali pake, na kuhesabu kila shilingi inayotolewa.

Na wewe kijana uliyeketi ukanyamaza katika mkutano ule, safari ijayo usiketi. Mwombe mzee radhi, kisha sema mpaka umalize. Mzee naye atasikiliza, tunamjua. Huo ndio mwanzo wa somo lenyewe, nao hauhitaji miwani.

Umoja na kazi.